Mbingu Niliyoiona Haikuwa Yetu

Kwako mwanangu Chepkoech,

Nakusalimu kwanza, halafu nikupe salamu za wengine mmoja mmoja, hata kama wote umewaona leo asubuhi. Baba yako anakusalimu. Ameketi nje anatengeneza kamba ya ng'ombe ambayo haijakatika. Kogo anakusalimu. Najua saa hii uko kwake mnaagana, lakini jana aliniambia niweke salamu zake, yeye nyanya yako, humu ndani ili uzipate mara ya pili ukiwa mbali, kwa hivyo hizo ni zake. Chelangat mdogo wako anakusalimu na anasema upande wako wa kitanda ameshauchukua. Mama Njoki wa dukani anakusalimu sana, anasema sasa waifai yake itapumzika. Jirani yetu Bot Kiprono, mama yake Kiprono, anakusalimu, na amekuletea maziwa ya mursik kwa kibuyu kidogo. Nimemwambia kwa ndege hawawezi kukubali kibuyu, akasema basi yanywe leo na kibuyu kirudi kwake. Mimi pia niko, mzima isipokuwa goti.

Sitaandika mambo ya sweta, wala ya chakula, wala ya kuomba kabla ya kulala. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka baba yako akaniuliza kama unahama ama unazaliwa upya. Nimekaa jikoni, sufuria ya chai iko motoni inachemka polepole, na nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu ukinikuta naandika utasoma juu ya bega langu. Nitaweka barua hii kwa begi lako, chini ya kile kitambaa cha kujifunga. Mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo naandika polepole, na nikikosea sifuti, napita.

Barua hii yote ni ya jambo moja. Nataka ukifika Namibia usinifiche mambo yako. Najua ukisoma hapo utasema mbona mama hakusema tu kwa mdomo. Kwa mdomo nilijaribu mara mbili na mara mbili nikaishia kwa mambo ya sweta.

Wacha nianze na ile simu. Ulipomaliza fomu foo na ukaanza kukaa nayo kila jioni, nilifikiri ni mwanaume. Sioni aibu kusema. Msichana anakula haraka, anaosha vyombo haraka, halafu anaketi pale karibu na dirisha ameinama, anatabasamu kidogo, anaandika kitu, anangoja. Mama gani angefikiria nyota? Nikamwambia baba yako akuulize. Akasema niulize mwenyewe. Nikakuuliza huyo mtu ni wa wapi, ukasema, "Ni wa Namibia, lakini ni kamera." Hapo nilichoka kabisa.

Ulinionyesha. Uliniambia huku kwetu hakuna haja ya kutoka nje kutafuta satelaiti, kwa sababu mvua ya mchana ikiisha, mawingu yanabaki yamelala juu ya majani chai mpaka asubuhi. Lakini kuna watu wameweka kamera kwa paa za nyumba zao, kwa nchi kavu, zinaangalia juu tu, na yeyote mwenye bando anaweza kuziangalia. Ile ya Namibia ndiyo uliyoipenda. Sisi tukiwa tumeshawasha taa, kwao jua ndiyo linaingia, na ukasema hiyo ndiyo saa yenyewe: chini kumekuwa giza lakini kule juu kabisa jua bado linapiga, kwa hivyo kitu kikipita kinang'aa. Ndege inapepesa taa. Kimondo kinakimbia na kuisha. Satelaiti haipepesi na haikimbii, inaenda tu kama mtu ametumwa na anajua njia. Kwa zile picha nyingine, zile kamera inapiga halafu inapumzika halafu inapiga tena, inaacha alama kama mshono, uzi unaonekana, unapotea, unaonekana. Hiyo niliielewa haraka kuliko yote, kwa sababu ya cherehani.

Baba yako aliangalia kidogo akauliza, "Na hii inamtafuta nani?" Ukamwambia haimtafuti mtu, nyingine ni ya simu, nyingine ya hali ya hewa, nyingine ilikufa zamani na bado inazunguka. Akasema hata kwa baraza kuna watu wa namna hiyo. Akaenda kulala.

Nilipenda vile ulikuwa unaandika taarifa zako. Uliniambia kuna watu wa nchi nyingi wanaolinganisha walichoona, na lazima kwanza uandike ni kamera gani, iko wapi, huko ni saa ngapi, ndipo useme ulichoona kimepita karibu na nyota gani. Na kama uliangalia na hakikupita, unaandika pia kwamba hukuona. Niliuliza kwa nini mtu aandike ambacho hakuona. Ukasema hiyo pia inawasaidia. Nikaona ni watu wenye muda mwingi.

Sasa ile siku ya mvua ya mawe. Unaijua, lakini wewe ulikuwa nyumbani na mimi nilikuwa Chepilat, kwa hivyo upande wangu hujausikia.

Jioni iliyotangulia nilipita nyuma yako nikiwa na ndoo ya maziwa, nikaangalia kwa simu, nikaona mbingu safi, nyota zimejaa kama unga umemwagika. Sikuuliza kitu. Nilifurahi tu, nikaenda kulala. Asubuhi tulikuwa shambani kwa Bot Kiprono tukisaidiana kuchuna, na akina mama wakaanza kubishana. Kulikuwa na yule mama wa kanisa aliyejifungua Chepilat, na tulikuwa tumepanga kwenda kumwona mtoto, tumetayarisha chupa za chai na unga na leso. Lakini majani yalikuwa yameiva vizuri kwa shamba la kila mtu, na wengine walikuwa wanasema joto la asubuhi hiyo si zuri, mawe yanaweza kuja, tuchune kwanza, mtoto hatazeeka leo. Bot Kiprono akanigeukia akaniuliza, "Wewe ndiyo uko na msichana wa kuangalia juu. Anasemaje?"

Chepkoech, nilikuwa na kikapu mgongoni na watu wote wameacha kuchuna wananiangalia. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza maoni yangu kwa muda mrefu. Nikasema nimeona kwa macho yangu mwenyewe, mbingu ni safi, hakuna kitu kinakuja. Nilisema kama karani wa kituo cha majani anayesoma mizani. Wakaniamini. Tukaacha majani yamesimama, tukaoga, tukaenda.

Mawe yalituangukia tukiwa ndani ya nyumba ya yule mama. Kwa mabati ya nyumba mpya, isiyo na dari, mawe hayasikiki kama mvua, yanasikika kama lori inamwaga kokoto juu yako na haiishi. Mtoto alikuwa analia, unaona mdomo umefunguka lakini sauti hakuna. Hakuna aliyeweza kuongea, kwa hivyo walifanya kile walichoweza, wote waliniangalia. Niliangalia kikombe changu. Yalipopungua, Bot Kiprono alikuwa wa kwanza kusikika. Alisema polepole tu, "Mbingu ya mtoto wako imetoboka."

Wakacheka, lakini si cheko zuri. Tukirudi nyumbani, kabla hatujaona mashamba tulisikia harufu, ile harufu ya majani yaliyopondwa, kama kiwanda kimehamia kwa barabara. Vichaka vilikuwa vimebaki vijiti na matambara. Mtu hawezi kupeleka majani kama hayo kituoni. Unangoja tu yaote mengine.

Nilikukuta umesimama mlangoni. Nilisema wewe ndiye uliniambia mbingu ni safi. Ukasema hukuniambia kitu, niliangalia mwenyewe. Halafu ukasema bila kupandisha sauti, "Mama, ile ilikuwa Namibia."

Hapo ndipo nilikosea. Watu wanafikiri kosa langu lilikuwa shambani, na bado wanaliongelea, na mimi huwaacha waliongelee, kwa sababu kosa la shambani ni la kuchekesha. Niliona mbingu ya watu wengine nikawaambia majirani habari ya mbingu yetu. Mtu anaweza kukosea hivyo. Lakini mlangoni nilikuwa nimeshaelewa. Nilielewa kabla hujamaliza kusema. Na bado nilinyoosha mkono nikachukua simu, nikaipeleka kwa Mama Njoki dukani, nikamwambia akae nayo na asikupatie mpaka niseme. Sikuwa nakuadhibu kwa uongo. Nilikuadhibu kwa sababu ulisema ukweli wakati sikuwa nataka kuusikia.

Wewe hukubishana. Ulichukua panga ukaenda kukatia ng'ombe nyasi. Mimi nikaona umekubali makosa. Siku nyingi nikafikiri hivyo, nikajisifu hata, kwamba nyumba yangu iko na heshima.

Mama Njoki ndiye alinirudishia simu. Alipanda kilima na viatu vyake vya dukani, akaketi hapa hapa nilipokaa, akasema, "Bot Chepkoech, hii simu inalia kila jioni kama mtoto wa kambo. Kuna mtu Namibia anauliza kama msichana wako ni mgonjwa." Nikauliza ni nani. Akasema ni yule mama mwenye nyumba ya wageni, ile yenye kamera kwa paa, anaitwa Hilma, amezoea kuona taarifa zako na sasa hazioni. Mtu ambaye hajawahi kukuona alikuwa na wasiwasi nawe, na mimi niliyekuwa nakuona kila siku ukizunguka na ndoo sikuwa na wasiwasi wowote. Hilo nililiona. Nilikupa tu simu nikaenda kuangalia kuku.

Uliporudi kwa kamera yako uligundua satelaiti zote zinapita mahali ambapo si pake, ukamwandikia Hilma kwamba kamera imegeuka. Akapanda akakuta upepo umelegeza kile cha kuishikilia. Baada ya hapo ndiyo akakuuliza kama ungeenda kumfanyia kazi, kutunza kamera na darubini zake na kuwaonyesha wageni nyota. Haya yote niliyajua baadaye. Unajua niliyajua vipi? Nilikuwa kwa duka la Mama Njoki nimeenda kuchukua mkate. Akaniuliza, "Sasa vile pasipoti imetoka, mnafanya maombi ya kumuaga lini?"

Nilimwambia bado tunapanga. Nililipa mkate, nikatoka, nikasimama kando ya barabara mpaka watu wawili wakaniuliza kama nangoja gari. Baba yako alikuwa anajua. Kogo alikuwa anajua. Mama Njoki ndiye alikuwa amekusaidia kujaza ile fomu kwa kompyuta. Mimi niliyekuzaa alfajiri, hata jina lako ni la alfajiri hiyo, nilikuwa wa mwisho.

Jioni nilikuuliza kwa nini hukuniambia. Ulikuwa unamenya viazi. Ukasema, "Niliogopa utaninyang'anya simu tena."

Ukaendelea na viazi. Lakini nataka ujue kwamba hayo maneno sijayaweka chini tangu siku hiyo.

Nilipokuwa msichana, kabla hata sijafika umri wako, nilipelekwa Kedowa kwa shangazi ya mama yangu, kusaidia nyumbani na kuuza viazi kando ya barabara. Ndiyo sababu shule iliishia darasa la sita. Wewe nilikuambia tu kwamba niliishi Kedowa na kwamba kuna baridi. Sikukuambia kwamba nilikuwa nalala kwa stoo pamoja na magunia, kwamba nilikuwa nakula baada ya kila mtu kumaliza na siku nyingine walikuwa wanamaliza kabisa. Kulikuwa na dereva wa lori aliyekuwa anapita kwetu, na kila mara alikuwa ananiuliza ampelekee mama ujumbe gani. Kila mara nilisema, mwambie niko sawa. Kwa sababu mama yangu, Kogo wako huyu unayempenda, wakati huo habari mbaya ikiingia nyumbani alikuwa anampigia kelele aliyeileta. Kikivunjika kikombe, aliyesema kimevunjika ndiye alipata taabu. Kwa hivyo sisi watoto wake tulijifunza kusema sawa. Nikakaa Kedowa nikiwa sawa mpaka siku nilirudi nyumbani kwa mazishi ya mjomba, mama akanishika mkono kunisalimu, na mkono ukamwonyesha nilivyokonda. Aliniuliza lile swali nililokuuliza wewe ukimenya viazi. Kwa nini hukuniambia. Mimi sikuwa na ujasiri wako wa kumjibu.

Kogo alibadilika baada ya hapo. Umemjua akiwa mpole, unafikiri alizaliwa hivyo. Mimi nilifikiri sikurithi ile hali yake ya zamani. Nilikuwa nayo yote, ilikuwa imekaa tu mahali inangoja mtu aseme Namibia.

Kwa hivyo sikuandikii kukuambia uwe mkweli. Wewe ni mkweli, nimesoma taarifa zako, unaandikia watu usiowajua kwamba hukuona kitu. Ni mimi sikuwa mtu wa kuambiwa. Nakuambia sasa kwamba nataka kuwa mtu wa kuambiwa, na sijui kama nitaweza siku ya kwanza. Ukiniambia jambo baya naweza kunyamaza kwa simu. Naweza hata kukata. Baba yako anasema nitakata. Nikikata, piga tena, ama mwambie Chelangat anishikie simu kwa sikio. Sitakuwa nimekukasirikia, nitakuwa natafuta mahali pa kuketi.

Mama Njoki ameniwekea ile kamera ya Hilma kwa simu yangu. Amenifundisha pa kubonyeza. Jana jioni niliifungua peke yangu, na mawingu yetu yakiwa yamekaa juu ya paa, nikaona kule unakoenda kumeanza kuwa giza na nyota zinatokea moja moja. Kitu kikapita polepole, hakipepesi. Nikajua si ndege. Chelangat akasema ukifika utaweza kupanda juu umulike tochi, tukuone. Nikamkataza kusema hivyo. Wewe mwenyewe ulituambia mtu akimulika taa mbele ya ile kamera, watu wote wanaoangalia wameharibiwa kazi. Usimulike. Nitaiangalia kila jioni, nitafurahi, lakini najijua. Nitaona mbingu safi, kesho yake akina mama wataniuliza Chepkoech anaendeleaje, na mimi nitawaambia anaendelea vizuri sana, nimeona kwa macho yangu. Na wewe pengine uko ndani ya hiyo nyumba chini ya hiyo kamera, homa imekushika, ama mtu amekuongelesha vibaya, ama Hilma si yule uliyemfikiria. Kamera yake haiangalii chini. Wa kuniambia ya chini ni wewe peke yako.

Bot Kiprono alipoleta yale maziwa aliniuliza kama siogopi kumwachilia msichana aende nchi ambako hakuna mtu wetu. Nikamwambia naogopa. Akashangaa, kwa sababu alizoea mimi nikiulizwa nasema hakuna shida. Akaketi. Tukaongea mpaka chai ikapoa, akaniambia mambo ya Kiprono wake aliye Soin ambayo sikuwa nayajua, na sisi ni majirani tangu niolewe. Sikujua kwamba ukisema naogopa mtu anaketi.

Nasikia mbwa anabweka ile namna anakubwekea wewe. Wacha nimalize.

Ukifika usingoje kupumzika, usingoje kununua laini nzuri, usingoje upate cha kufurahisha ndio uandike. Niandikie siku hiyo hiyo. Usitume sauti, andika, kwa sababu mimi nasoma polepole na nataka kurudia. Kama ni mazuri yaweke mwisho, yatangoja. Kama kuna baya, anza nalo. Andika haraka, mwanangu, nimeshaketi.

Mimi mama yako,
Bot Chepkoech